Mnyama wa Tatu

Saa tatu kasoro asubuhi Msomaji alitoa mlio wake mfupi, ule anaoutoa akiwa na habari mbaya, nikajua hata kabla ya kutazama kioo kwamba chupa namba 118 haikuwa safi.

Nilitazama hata hivyo. Yai moja, kisha la pili, kisha sita kwa mpigo, yote ya umbo la limau, yenye vizibo pande zote mbili. Mnyoo mjeledi. Si ule wa asili ambao ng'olaga, nyani wa milima hii, wamekuwa nao tangu enzi za babu zao na wala hauwasumbui. Huu ulikuwa mjeledi mpya, ule uliolaza watoto mia tatu kule bondeni miaka saba iliyopita na kuwaacha midomo myeupe kwa kukosa damu. Kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa asili. Msomaji huweza, kwa sababu ni mashine na husoma vinasaba vya yai lenyewe.

Namba 118 ilikuwa ya Kidani, binti wa Bi Kovu. Nilimwona mwenyewe akijisaidia kutoka kwenye tawi la mkuyu saa kumi na mbili na nusu asubuhi ile, nikaokota, nikaandika jina. Hapa Kituo cha Lwenge tuna utaratibu mmoja tusiouvunja: hatuokoti mavi ambayo hatukuyaona yakidondoka. Mavi yasiyo na mwenyewe hayana maana kwetu, hata yakiwa bado na mvuke.

Kabla sijavua glavu, simu ya ukutani ikawaka. Alikuwa Bwana Mlay wa Idara ya Mpaka, bondeni. Msomaji akishatoa jibu, jibu huwa tayari mezani kwake.

"Dada Skolastika, habari za huko juu?"

"Nzuri, Bwana Mlay."

"Nimeiona 118. Na wiki iliyopita tulikuwa na 97, yule dume."

"Kipara."

"Ndiyo, huyo. Basi bado mmoja."

Sikuupenda ule "bado mmoja" wake. Mtu anayesikitika hasemi hivyo. Kanuni ya Watatu naifahamu vizuri kuliko yeye: wanyama watatu wa kundi moja wakikutwa na mjeledi mpya ndani ya msimu mmoja, kundi zima linaondolewa. Kuondolewa ni neno la kwenye karatasi. Nimeliona likifanyika upande wa mashariki wa msitu huu. Vile vyombo vya kuruka wanavyoviita tai husimama juu ya miti na kunyunyiza moshi wa usingizi, na wanyama hudondoka mmoja mmoja kama mapera yaliyoiva. Hawaamki tena.

Kundi la Bi Kovu lina ng'olaga arobaini na mmoja. Nimewahesabu kila siku ya kazi kwa miaka kumi na sita, na wengine nimewaona wakizaliwa. Nilipoweka simu, tumbo, ambalo lilikuwa limezoea kuninyonga asubuhi tangu masika, likaninyonga vibaya zaidi. Nikalaumu chai ya rangi kama kawaida yangu.

*

Niseme ukweli, mimi si mtu wa kuamini haraka. Marehemu mama alikuwa akisema nikipewa maziwa nauliza ng'ombe alikula nini. Kwa hiyo swali lililonijia siku ile halikuwa lile la Bwana Mlay, kwamba wa tatu atakuwa nani. Nilijiuliza mnyoo huu umefikaje huku.

Mjeledi mpya haujawahi kuonekana upande wetu. Haurukiruki hewani. Yai lake likitoka tumboni halina madhara. Linahitaji kukaa kwenye udongo wenye unyevu wiki tatu au nne mpaka kiluwiluwi kikomae ndani, ndipo atakayelimeza alipate. Kwa hiyo kuna aliyeutembeza mpaka Lwenge. Na Lwenge hapafiki watu. Tunaishi wawili tu, mimi na Mzee Longino Mhenga, mfuatilia nyayo.

Sheria ina kifungu cha saba ambacho watu wamekisahau. Kinasema mnyoo ukithibitika umetoka kwa mtu, wanyama hawaguswi. Wanatibiwa palepale walipo, na huyo mtu anatolewa msituni asirudi maisha yake yote. Tangu walinzi wa tumboni waje, kifungu hicho hakijatumika hata mara moja. Kitatumikaje, wakati mtu hawezi tena kuwa na minyoo? Mlinzi humezwa mara moja tu maishani, ni kidonge chenye bakteria waliofundishwa kazi. Hujenga makazi kwenye utumbo, na mnyoo wowote unaoingia huliwa kabla haujataga. Bangili ya mkononi humsikiliza mlinzi mchana na usiku. Ikiwa kijani, uko salama. Watoto wote wa bondeni wanavaa. Mimi navaa.

Mzee Longino alikuwa ameitundika yake kwenye msumari, mlangoni mwa jiko.

Nilikuwa nimeiona pale kwa miezi, ikining'inia na kuwaka kijani chake bila mkono. Mchana ule niliitazama kama naiona mara ya kwanza.

"Mzee, mbona bangili haikai mkononi?"

"Inaniwasha."

"Kanuni inataka ikae mkononi."

"Kanuni haina ngozi, mwanangu." Akacheka, akavuta kigoda, akaketi kula.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo jingine. Mimi nina bustani nyuma ya kituo, na bila kujisifu, hakuna figiri kama zangu kuanzia hapa mpaka bondeni. Nilikuwa nimepika figiri kwa karanga. Mzee alimega ugali, akachovya kwenye dagaa wake mwenyewe waliofungwa kwenye karatasi.

"Hutaki mboga?"

"Mboga zako zinapendeza, hata nikizitazama nashiba. Ila leo dagaa wananitosha."

Hiyo "leo" alikuwa akiisema kila siku tangu masika. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, nikaudhika kimyakimya. Sasa nikaanza kuuliza: mtu anayekwepa chungu cha mwenzake anaogopa nini? Kumwambukiza? Au anajua ana kitu?

Alipomaliza akachukua panga na mfuko, akaondoka kuelekea korongoni peke yake, kama afanyavyo kila siku saa saba. Hasemi anakwenda wapi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kupekua jiko. Chini ya jivu la jana, pembeni kabisa, nilikuta ganda la vidonge limekunjwa. Nikalipangusa kwa kidole. Vidonge vya minyoo, vya kizamani, vile vya duka la dawa ambavyo sikudhani kuna anayeviuza bado.

Mtu mwenye mlinzi tumboni anameza vidonge vya minyoo vya nini?

Nilikaa kwenye kigoda chake nikiwa nimelishika ganda lile, na roho iliniuma. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kutembea msituni bila kuvunja kijiti. Nilipofiwa na mama alinipikia uji siku tisa. Nilimpenda kama baba, nami nilikuwa nimeshamhukumu.

*

Choo chetu ni cha majivu, hakitumii maji, na kina ndoo mbili, yake na yangu. Utaratibu huo ulianza zamani, kabla ya walinzi, wakati wafanyakazi wa msituni walipimwa kila mwezi. Upimaji uliisha, ndoo zikabaki. Zikijaa humwagwa kwenye shimo la mboji.

Kesho yake, Mzee alipokwenda korongoni, nilichota kwenye ndoo yake. Sijivunii. Nilifanya haraka huku nimegeuza uso, kana kwamba kutotazama kunapunguza aibu.

Nikamweka Msomaji tayari, nikaandika: Mtu. L. Mhenga. Nikabonyeza. Jibu lilitoka kabla sijaondoa kidole.

"Mlinzi yupo. Safi."

Nilisimama pale nikiitazama sindano. Kwa kawaida sindano hushuka ndani ya chupa, huvuta tone, na Msomaji huunguruma dakika kumi na moja. Safari hii sindano haikushuka hata kidogo.

Nikachukua chupa tupu, iliyooshwa, iliyokauka. Nikaandika: Mtu. L. Mhenga.

"Mlinzi yupo. Safi."

Nikachukua chupa nyingine, tupu vilevile, nikaandika jina langu.

"Mlinzi yupo. Safi."

Msomaji hakuwa akisoma watu. Alikuwa akiuliza daftari kuu kama fulani amemeza mlinzi, na kama amemeza, basi. Waliomtengeneza hawakuona sababu ya kupoteza dakika kumi na moja kwa jambo ambalo haliwezekani. Ni mashine ngapi kama hii ziko nchini, kwenye vituo na zahanati, na zimekuwa zikijibu hivyo kwa miaka mingapi? Sikutaka kulifuata swali hilo. Nilikuwa na arobaini na mmoja wangu wa kuwahangaikia.

Njia ilikuwa moja. Msomaji hausomi mwili wa mtu, lakini wa mnyama anausoma. Nikabandika lebo mpya: namba 121, dume, kundi la Bi Kovu. Hiyo ilikuwa ya Mzee.

Kisha nikaandaa namba 122, jike, kundi la Bi Kovu. Hiyo ilikuwa yangu mwenyewe, kutoka ndoo yangu. Aliyesomea kazi hii anajua kwamba ukipima unachokishuku, unapima na unachokiamini, ili ulinganishe. Nilijua fika kwamba majibu yatakwenda kwa Bwana Mlay moja kwa moja. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: ya Mzee itatoka chafu, yangu itatoka safi, nami nitapiga simu palepale nimweleze kwamba 121 si mnyama, ni mtu, na kifungu cha saba kipo. Kundi litapona. Mzee ataondoka. Nilikuwa hata nimeanza kufikiria maneno ya kumwambia.

Miaka kumi na sita sikuwahi kuandika jina la uongo kwenye chupa. Siku ile niliandika mawili, na mwandiko wangu ukatoka mzuri kuliko kawaida.

121 ilichukua dakika kumi na moja. Safi.

Nilifikiri nimekosea. Nilikuwa bado naitazama ile "safi", nikitafuta namna ya kuikataa, pale 122 ilipomaliza na Msomaji kutoa mlio wake mfupi.

Mayai ishirini na mawili. Limau, vizibo pande zote mbili. Mjeledi mpya.

Kwanza nilicheka. Nikasema nimechanganya chupa, lakini chupa yangu nilikuwa nimeitia alama ya kucha kwenye kizibo, na alama ilikuwapo. Nikaitazama bangili yangu. Ilikuwa kijani, tulivu, haina habari.

Simu ya ukutani ikawaka.

"Dada Skolastika," alisema Bwana Mlay, "ndiye wa tatu huyo. Pole sana. Nitakuwa hapo kesho saa nne na tai sita."

Nilifungua mdomo nimweleze. Sikuweza. Nikasema, "Sawa."

*

Nilitoka nje kutafuta hewa, na miguu ikanipeleka bustanini kwa mazoea. Kidani alikuwa katikati ya tuta la figiri. Aliniona, hakukimbia, tunajuana. Aling'oa mche na mizizi yake, akaupangusa udongo kwa kiganja, kidogo tu, akala. Nyuma yake, kwenye mchicha, Kipara alikuwa akifukua.

Nimewacheka wezi hawa wawili miezi yote hii. Ni wao wawili tu katika kundi zima wanaothubutu kuvuka uzio. Nilikuwa nikimsimulia hata Bwana Mlay kwenye simu, kwa majivuno, kwamba figiri zangu zimewashinda ng'olaga uvumilivu.

Na figiri zilinawiri kwa mboji. Kanuni ya zamani ilitaka mboji ya choo ikae miaka miwili kabla ya kuguswa. Masika yaliyopita nilihitaji mbolea, shimo lilikuwa limejaa, nami nikasema, wote tuna walinzi, wote tuko kijani, miaka miwili ya nini? Nikaitumia ya miezi mitatu. Nakumbuka Mzee alisimama pale kwenye uzio, akasema, "Mboji hii bado changa, mwanangu." Nikamwonyesha bangili. Tangu siku hiyo hakula tena mboga zangu.

Nilichota udongo wa tuta, nikarudi ndani, nikaitoa hadubini ya zamani kabatini. Kazi hii hata wanafunzi wanaijua: unakoroga udongo na maji ya chumvi nzito, unachuja, unasubiri, uchafu huzama, mayai huelea. Unayanasa kwa kioo chembamba juu kabisa ya maji. Yalikuwapo. Ndani ya kila limau palikuwa na kijinyoo kilichojikunja, kimekomaa, kinasubiri kumezwa.

Sikusikia Mzee akiingia. Niliponyanyua kichwa alikuwa amesimama nyuma yangu, panga mkononi, akizitazama zile chupa mbili mezani. Ndoo yake alikuwa ameshaiona ikiwa imechotwa.

"Mia na ishirini na moja ni mimi," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na hiyo nyingine?"

"Ni mimi. Yangu ndiyo chafu."

Akavuta kigoda, akaketi taratibu. Nilimweleza yote: bangili kwenye msumari, dagaa, ganda kwenye jivu, korongo la saa saba. Kila nililolitaja lilitoka kinywani likiwa dogo na la kijinga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniomba," alisema. "Ungeniomba tu, Skola, ningekupa ndoo nzima."

Nililia hapo. Yeye aliniacha nilie, kisha akanieleza. Vidonge anatumiwa na binti yake kila baada ya miezi mitatu. Hakuwahi kumwamini kiumbe wa kumezwa ambaye hamwoni. Alivificha kwa sababu nilikuwa nikimcheka kila aliposema hivyo. Saa saba huenda korongoni kulala usingizi, maana ana miaka sitini na minne na aliogopa nikijua nitaandika kwamba hafai tena.

"Na mboga? Kwa nini hukuniambia wazi?"

"Nilikwambia. Ukanionyesha mkono."

Nje, kundi lilikuwa likipita kuelekea miti ya kulala. Tuliwasikiliza wakiitana.

"Kesho nitamwambia Mlay," nikasema.

"Utatolewa."

"Najua."

"Huna pengine pa kwenda wewe. Kazi yako yote iko hapa." Alisimama, akaitoa bangili msumarini, akaitia mfukoni.

*

Tai sita walitua uwanjani saa nne kamili, wakabaki wameinama, mabawa yakizunguka polepole. Bwana Mlay alishuka kwenye gari akiwa na kishikwambi kwapani. Ana kitambi kidogo na uso wa mtu mwema. Bangili yake ya kijani ilimbana kifundo cha mkono.

"Shikamoo, Mzee. Dada, poleni. Kundi liko wapi sasa?"

Nilivuta pumzi niseme. Mzee Longino akanitangulia.

"Bwana mkubwa, hao ndege hawana kazi leo. Mnyama wako wa tatu ni mimi."

Bwana Mlay alimtazama, akanitazama.

"Ile 122 ni yangu. Dada huyu alinishuku akanipima kwa lebo ya mnyama. Mnyoo ni wangu." Akaitoa ile bangili mfukoni. "Hii sikuwa nikiivaa. Tangu mwaka juzi."

Naapa niliona uso wa Bwana Mlay ukifunguka. Mabega yalimshuka. Alifungua kishikwambi akaanza kuandika upesi, kama mtu anayeogopa mzee asije akabadili maneno.

"Kumbe hukuvaa bangili. Mlinzi bila bangili hulala, wanasema. Basi imeeleweka. Imeeleweka kabisa. Kifungu cha saba. Wanyama watatibiwa. Dada Skolastika, lebo ya uongo ni kosa, lakini nia ilikuwa njema, tutaliandika kama onyo. Wewe utabaki. Mzee, pole, nitakupa mpaka saa sita ukusanye vitu vyako."

Kila kitu kilikuwa kimepangika. Kundi zima lingeishi. Mimi ningebaki na msitu wangu. Mzee alikuwa akinitazama kwa jicho la kuniamrisha ninyamaze, kama zamani tulipokuwa tukivizia karibu na nyati. Na ilikuwa tamu, nikiri. Kwa pumzi mbili au tatu niliionja, nikajiona kesho asubuhi chini ya mkuyu na daftari langu.

Lakini huyu ndiye niliyempekulia jiko. Nimeshamwibia vya kutosha. Na tena, hiyo furaha ya Bwana Mlay ilinitia shaka, na shaka ikiniingia mimi haitoki. Alifurahi nini? Alifurahi kwamba mwenye mnyoo ni mtu asiye na bangili. Aliogopa awe mtu mwenye nayo.

"Mzee anasema uongo," nikasema. "Yeye ni 121, safi, angalia mwenyewe. 122 ni mimi."

Bwana Mlay hakuacha kuandika. "Dada, usimtetee."

"Nitazame mkono." Niliunyoosha mbele ya macho yake. "Sijaivua tangu nilipovishwa. Kijani. Na tumboni nina mayai ya mjeledi mpya, niliouokota bondeni likizo ya mwaka jana, na nimeyamwaga bustanini mwenyewe, na Kidani na Kipara wameyala kwangu. Njoo uone."

Nilimwingiza ndani. Nilimkalisha kwenye hadubini. Kisha nikachukua chupa tupu, nikaandika mbele yake: Mtu. S. Kikoti.

"Mlinzi yupo. Safi."

"Chupa haina kitu," alisema.

"Haina kitu."

Aliinamia hadubini tena, akainuka, akajipangusa jasho. Mlangoni, Mzee Longino alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Dada Skolastika," Bwana Mlay alisema kwa sauti ya chini, "ukiliacha lile la Mzee lisimame, wanyama wako wanapona leo hii. Hili lako likitoka nje, unajua bondeni kuna watoto wangapi wenye bangili?"

"Wa kwako wangapi?"

"Watatu," alisema. "Wa mwisho anashinda analalamika tumbo. Tunamwambia ni uvivu wa shule."

Alitoka uwanjani, akasema maneno mawili kwenye kishikwambi. Mabawa ya tai yalisimama, moja baada ya jingine. Huko juu ya korongo nilimsikia Bi Kovu akiwaita wenzake, na nikaanza kuhesabu majibu bila kukusudia.

Alirudi akiwa na karatasi ya kunitoa msituni. Maisha yangu yote, ilisema. Niliisaini juu ya meza ambayo nimeifanyia kazi miaka kumi na sita, na sitadanganya kwamba sikulowanisha karatasi. Mzee aliniwekea mkono begani. Funguo za kabati la dawa nilimpa yeye, na daftari la majina ya kundi. Nikamwambia figiri zote azichome, na udongo wake.

Nilipokuwa nikifunga mfuko, Bwana Mlay alibaki amesimama mbele ya Msomaji, akiigeuzageuza bangili yake kwa kidole. Nikafungua sanduku la chupa safi, nikampa nne, na kalamu.

Alizipokea. Alizitazama.

"Kwenye lebo niandike nini?" aliuliza. "Nikiandika jina la mwanangu..."

"Mashine haitamsoma," nikasema. "Andika mnyama wa nne."